Ameacha kwa Hiari Yake

3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta ukiwa mzima, na kwamba masikio hayakusumbui zaidi kuliko mwezi uliopita. Sisi hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Mkubwa amefaulu mtihani wa hesabu, jambo lililotushangaza sote, yeye mwenyewe zaidi. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hakuna anayeelewa anachosema, ila hajapunguza kusema.

Nina habari ndogo, usishtuke. Kazi imekwisha. Kampuni imepunguza watu na mimi nimo. Miaka kumi na tisa nimezitunza lifti za lile jengo la ghorofa kumi na nne, hata nikawa najua kila moja kwa mlio wake. Sasa watu watapanda na kushuka bila mimi. Si neno. Sheria ipo: mtu aliyekatwa mshahara kila mwezi, akikosa kazi, analipwa mafao ya miezi sita. Jana nilikwenda Ofisi ya Mafao nikajaza fomu. Karani wa dirisha la tatu, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliniambia nisubiri siku kumi na nne za kazi. Kwa hiyo kufikia mwisho wa mwezi mambo yatakuwa sawa.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya tano, na lifti yake mbovu. Ukibonyeza kitufe inatoa mlio mmoja, tik, halafu kimya. Ni swichi ya mlango tu, kazi ya dakika ishirini. Nilipanda ngazi pamoja na wenzangu wasio na kazi, nikanyamaza. Haikuwa lifti yangu.

Usitume chochote. Tuko vizuri.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na saba njiani. Enzi zangu posta tungeona aibu. Mimi ni mzima. Miguu inauma asubuhi, ikifika saa nne inasahau. Bati la jikoni limezibwa. Kuku wamebaki watatu; wa nne sijui kama aliibwa au aliondoka kwa hiari yake.

Habari kubwa ya hapa ni masikio. Mwanangu amepandishwa cheo, sasa ndiye msimamizi wa matengenezo ya jengo lenu lote, na kwa mshahara wa kwanza wa cheo hicho amenitumia kifaa cha kusikia. Ni kidogo kama punje ya mahindi. Nasikia kila kitu siku hizi: jirani akimsema mumewe, na mume akijisemea peke yake uani. Mtaani wameanza kumwita mwanangu Meneja, na mimi simkatazi mtu. Nilidhani wewe ungekuwa wa kwanza kuniletea habari hiyo. Si ni wewe uliyemshika mkono ukamwingiza kazini, ukamfundisha hata kushika bisibisi? Barua yako haikumtaja hata mara moja.

Pole kwa kazi. Nakuuliza tu: wamepunguzwa watu wangapi?

Msalimie wifi, wabusu watoto.

Dada yako


27 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba unasikia. Mpe mwanao hongera zangu. Nilikuwa na mambo mengi, nikapitiwa. Wifi yako hajambo, anashona. Watoto wazima.

Mafao bado. Siku kumi na nne za kazi zilipokwisha nilirudi, nikaambiwa zinahesabiwa tangu faili lilipofunguliwa, na faili halijafunguliwa kwa sababu barua ya mwajiri ina neno moja lisilolingana na neno langu. Ni jambo dogo la lugha. Wanalishughulikia.

Wakati huo huo kila Jumanne natakiwa kwenda kusaini daftari kwamba sina kazi na kwamba naitafuta. Daftari linafungwa saa tano kamili. Jumanne iliyopita niliitwa kwenye usaili katika kiwanda cha vioo, nikakaa kwenye benchi hadi saa sita, wakanieleza kwamba wanataka mtu asiyezidi miaka thelathini na tano mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Nikakimbia ofisini, nikakuta daftari limefungwa. Kwa hiyo imeandikwa kwamba wiki hiyo sikutafuta kazi. Nilimweleza karani nilikokuwa. Alinisikiliza vizuri kabisa, kisha akasema nilipaswa kuomba ruhusa ya kukosa kusaini, na maombi ya ruhusa hupokelewa Jumanne kabla ya saa tano.

Si mtu mbaya. Alinipa peremende.

Mdogo wako


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua zimeanza, na mimi nimeanza kulala mapema. Sina habari nyingine ya maana, ila moja.

Bahasha yako imegongwa muhuri wa posta nyingine. Miaka kumi na tisa barua zako zimepitia posta ile ya karibu na soko, na hii imetoka upande wa pili wa mji kabisa, kule kwenye karakana. Mdogo wangu, nimepanga barua za watu miaka thelathini na moja. Mtu akinificha jambo kwenye karatasi, bahasha hunisimulia. Mmehama?

Na lile swali langu hukulijibu. Kampuni inayopunguza watu haimpunguzi mtu mmoja.

Nimeweka humu hela kidogo. Ukinirudishia nitakasirika, na wewe unajua hasira zangu zilivyo ndefu.

Dada yako


10 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Asante. Sikuzirudisha, tumezila.

Kweli tumehama, mwezi wa tatu. Tuna vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Kochi halikupita mlangoni, likauzwa pale pale barabarani kabla halijarudishwa kwenye mkokoteni. Unga wa mbao unaingia hadi kwenye mashuka. Mkubwa anafanya hesabu zake msumeno ukilia, na anasema sasa zinamwingia zaidi. Cherehani ya wifi yako iko chini ya dirisha. Anashona sare za shule ya jirani tangu alfajiri. Hajalalamika. Ningependa alalamike kidogo.

Sasa nisikilize kisa changu, ucheke. Jumanne moja nikiwa napanda ngazi za Ofisi ya Mafao, nilimkuta mama mjamzito, tumbo la miezi minane, amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili. Alikuwa akitweta. Alituambia yeye amefika mwisho wa safari yake. Kama Ofisi inataka saini yake, na ishuke. Watu wakampita. Mimi pia nilimpita, Dada, sitakudanganya. Nilifika ghorofa ya nne ndipo nikageuka. Nikamwomba mlinzi bisibisi na kitambaa. Swichi ya mlango ilikuwa imejaa vumbi na skrubu moja imelegea, basi. Lifti ikashuka, mama akapanda, watu wakapiga makofi. Nilisaini daftari kwa mkono mweusi wa grisi, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne iliyofuata karani hakunipa peremende. Alinisomea daftari la mlinzi: "Fundi amefika. Ametengeneza lifti. Saa tatu hadi saa tatu na dakika ishirini." Kwa hiyo nimeonekana nikifanya kazi, na anayefanya kazi hana haki ya mafao ya kukosa kazi. Nilisema sikulipwa. Akasema kazi isiyo na malipo ni ya kujitolea, nayo ilitakiwa iombewe kibali siku saba kabla. Faili limepelekwa kwenye kamati ya mapitio, ghorofa ya saba. Nitaitwa mwezi wa sita. Angalau nitapanda kwa lifti.

Mdogo wako


30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu ya mwezi wa tano. Labda ni posta, labda ni zile hasira ndefu. Natumaini u mzima. Sisi tumepita kwenye homa, mdogo kwanza kisha mama yake, sasa wamepona wote.

Kamati imekaa. Walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu, na jagi la maji lisilo na bilauri. Suala la lifti walilimaliza kwa dakika tano, kwa kuwa mwenyekiti mwenyewe ana goti bovu na alikuwa ameipanda asubuhi hiyo. Nikadhani yameisha. Ndipo akafungua barua ya mwajiri, akaigeuza niisome. Imeandikwa hivi: "Ameacha kazi kwa hiari yake." Mtu aliyeacha kwa hiari halipwi chochote.

Sasa itabidi nikwambie. Hakuna watu waliopunguzwa. Niliondoka peke yangu.

Kamba za chuma za lifti ya pili zimechakaa. Ukizipitishia kitambaa kinanasa, maana nyuzi za ndani zimeanza kukatika. Niliandika ripoti mbili. Kubadilisha kamba kunataka lifti isimame wiki tatu, na mwenye jengo hakutaka wapangaji walalamike. Mwezi wa kwanza msimamizi mmoja aliniletea karatasi ya ukaguzi, tayari imechapwa kwamba lifti ni salama, imebaki saini ya fundi tu. Nikamwambia siwezi. Akasema niweke saini au niache kazi. Nikaweka funguo mezani. Nadhani alitegemea nizichukue tena, kwa sababu alizitazama muda mrefu.

Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho. Alisema kama nililazimishwa, basi hiyo si hiari, na mafao ni haki yangu yote, tangu siku ya kwanza. Kilichobaki ni kitu kimoja.

"Nani alikuambia uache?"

Nikalitazama lile jagi la maji. Akadhani sikusikia, akarudia. Nikamwambia jina limenitoka. Miaka kumi na tisa kazini, Dada, na jina la msimamizi limenitoka. Hata mwandishi wa kumbukumbu zao aliinua macho. Wamenipa siku tisini nilikumbuke.

Wifi yako hasemi nami vizuri tangu siku hiyo. Yeye analikumbuka.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Haikuwa posta. Barua yako ya mwezi wa tano ilinifikia, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro kama msichana.

Msimamizi mmoja, umeniandikia. Jengo lile lina msimamizi mmoja tu, na nilimzaa mimi.

Wewe umenificha miezi mitano, nami nimekuficha miezi mitano hiyo hiyo. Mwanangu alinipigia simu mwezi wa pili, kabla barua yako ya kwanza haijafika, akapaza sauti hadi nikamsikia. Aliniambia mjomba ameacha kazi kwa hiari yake, kwamba ni ukaidi wa uzee, na kwamba yeye amepandishwa cheo. Alisema yote kwa pumzi moja. Nikaona mambo hayo matatu hayakai pamoja vizuri. Wiki iliyofuata kifaa kikafika. Nikakivaa, nikasikia kuku, nikasikia mvua kwenye bati, mara ya kwanza baada ya miaka sita. Sikutaka kuuliza zaidi. Nilikuuliza wewe badala yake, nikijua hutajibu, ili niweze kusema kwamba niliuliza. Hayo ndiyo maswali yangu yote uliyoyasoma.

Barua yako ya mwisho iliniondoa kitandani. Nilisafiri siku mbili. Nilimkuta mwanangu mezani anakula. Mkewe alinitengea sahani, nikasema nimeshiba. Nikamwuliza ni nani aliyeitia saini karatasi ile baada ya mjomba wake kukataa. Hakukana. Alisema aliisaini yeye. Kisha akaanza kueleza: mwenye jengo alimwambia nini, mkopo wa nyumba, ada ya watoto, kwamba kamba bado zina miezi kadhaa, kwamba angekutafutia kazi kwingine mambo yakitulia. Mdogo wangu, alieleza vizuri sana. Nilihisi nikizidi kukaa nikimsikiliza, mimi mama yake, nitamwelewa, na nikimwelewa nitarudi kwangu kulala. Nikavua kifaa nikakiweka kando ya sahani yake.

"Sasa sikusikii," nikamwambia. "Andika."

Alisema maneno, niliona midomo. Nikamwonyesha karatasi. Chakula kilipoa, mkewe akaja akaondoa vyombo, yeye bado ameshika kalamu. Mwishowe aliandika kurasa mbili, moja ya Ofisi ya Mafao na nyingine ya wakaguzi wa majengo. Nilizisoma mara tatu kutafuta neno la kuteleza. Halikuwamo. Jina lake alilitia mwenyewe kwa ukamilifu. Nilizipeleka posta kwa mkono wangu, kwa rejista, na stakabadhi nimezihifadhi.

Kifaa nilikiacha pale mezani.

Kwenu sikuja. Nilifika hadi kwenye karakana ya seremala. Niliona sare zimening'inizwa dirishani na kichwa cha wifi kimeinamia cherehani. Nikasimama hapo hadi seremala akaniuliza kama nataka kabati. Sikuwa na uso wa kubisha hodi. Utanisamehe au hutanisamehe, yote nitayapokea.

Sijui mwanangu yatamfika nini. Mimi ni mama yake, na ni dada yako, na mwaka huu hayo mawili yamenipa taabu kukaa ndani ya mtu mmoja.

Dada yako


19 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wote hatujambo, na nikisema wote nina maana utakayoiona mbele.

Wakaguzi walifika mwezi uliopita. Walipitisha kitambaa kwenye kamba kama nilivyokuwa nikipitisha mimi, kikanasa, wakafunga lifti ya pili siku ile ile, na ya tatu kesho yake. Nasikia wapangaji wa ghorofa ya kumi na nne sasa wanajuana kwa majina, maana wanapumzika pamoja njiani. Mwenye jengo amenunua kamba mpya. Hakuna aliyeumia, Dada. Hilo liweke mbele ya mengine yote ukiwa unahesabu.

Mafao yamelipwa, miezi yote sita kwa mkupuo, pungufu ya wiki moja: ile ambayo sikutafuta kazi kwa kuwa nilikuwa natafuta kazi. Yaliingia siku yangu ya nne ya kazi mpya. Ndiyo, nimepata kazi, hospitali ya wazazi, lifti mbili na jenereta. Yule mama mjamzito alijifungulia huko, akawasimulia wauguzi habari za fundi wa ngazini, na mhandisi wao alikuwa anatafuta mtu. Nilipokwenda kumuaga karani wa dirisha la tatu, alifurahi kwa dhati, kisha akanipa fomu ya kuomba kuondolewa kwenye orodha ya wasio na kazi. Inachukua siku kumi na nne.

Sasa la mwanao. Alifukuzwa kazi wiki mbili zilizopita, kwa barua, kwa kosa la kuivunjia kampuni heshima. Sikuwa najua. Leo mchana nimekaa mlangoni nikasikia hodi, nikamwona amesimama na mbao za seremala nyuma yake. Amekonda. Nilikuwa na maneno, Dada. Nimeyapanga tangu mwezi wa pili, mengine niliyapanga kwenye zile ngazi, ghorofa kwa ghorofa, na yalikuwa maneno mazuri. Nikamkaribisha kiti. Akaomba maji. Akanywa yote, akashika bilauri tupu kwa mikono miwili, akitazama sakafu.

"Mjomba," akasema, "wanaanzia dirisha lipi?"

Nikamwambia la tatu. Nikamwambia afike kabla ya saa mbili, na siku ya kusaini asipange kitu kingine chochote. Nikataka kuendelea, yale maneno mengine sasa, nikaona ameinamisha kichwa. Nikadhani analia. Alikuwa amelala. Mkewe aliniambia baadaye kwa simu kwamba hajalala vizuri tangu mwezi wa saba.

Amejinyoosha hapo kitini na viatu vyake, miguu inafika katikati ya chumba. Watoto wanaivuka wakienda na kurudi. Wifi yako, ambaye tangu mwezi wa pili hataki jina lake litajwe katika nyumba hii, amesimamisha cherehani na sare kumi na mbili zinangojewa kesho. Amekaa tu, mikono mapajani, anamtazama kwa jicho kali. Punde hivi nimekohoa, akanionyesha kwa kidole nitoke nikakohoe nje.

Kwa hiyo barua hii naimalizia nje, juu ya benchi ya seremala, ambaye naye ameombwa apumzishe msumeno. Njoo. Ukifika, bisha hodi.

Mdogo wako